Kamera Isiyosalimia

Siku ya kwanza kuisifu kamera yangu mbele za watu, sifa niliyoanza nayo ni kwamba haionekani. Tulikuwa kantini, wanafunzi wanne wa uzamili, chai na chapati mezani. Nikaitoa kwenye mfuko wa suruali, nikaiweka kando ya sahani, nikasema: ukiwa na hii unaweza kumpiga mtu picha hatua mbili kutoka ulipo na asijue kama amepigwa. Wenzangu wakavutiwa. Mmoja akaomba aijaribu, na kabla sijameza akawa amenipiga. Mdomo umejaa, jicho moja limefumba. Nikamwambia afute. Akafuta, tukacheka, tukaendelea na chai.

Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi tangu mwezi wa sita, na kila nikilikumbuka naona aibu kwa sababu ileile. Mimi nilisema "futa" na picha ikafutwa papo hapo.

Kamera yenyewe ni Ricoh GR III. Kama unafuatilia upigaji picha wa mitaani umeshachoka kusikia habari zake. Kama hufuatilii, nitakueleza kwa kifupi. Ni kamera ndogo nyeusi iliyotoka mwaka 2019, uzito wake gramu 257 pamoja na betri na kadi, yaani robo kilo ya sukari na chembe juu yake. Ndani ina sensa ya APS-C yenye megapikseli 24, ukubwa uleule unaoukuta kwenye kamera nyingi za kutundika begani. Lenzi ni moja tu, haibadilishwi wala haivuti karibu, na upana wake ni sawa na milimita 28 kwenye kamera ya filamu ya kawaida. Ukoo wake ulianza na GR1 ya filamu mwaka 1996, na aliyeupatia sifa kuliko wote ni Daido Moriyama, Mjapani mzaliwa wa 1938, ambaye amezunguka vichochoro vya Shinjuku na kamera za ukoo huu akitoa picha nyeusi, zilizoinama, zenye chenga. Kila kijana anayeinunua hujiona Moriyama kwa wiki mbili za mwanzo. Mimi nilijiona kwa mwaka mzima. Niliinunua kwa mtu aliyerudi kutoka masomoni nje, kwa bei ambayo siitaji hapa kwa sababu dada yangu husoma jarida hili.

Naipenda kwelikweli, na sitaki unielewe vibaya kwa yatakayofuata. Unaiwasha na kupiga kwa mkono mmoja, na haichukui hata sekunde nzima kuamka. Unaweza kuiwekea umbali mapema: ukishaichagulia mita 1.5, ukibonyeza kitufe moja kwa moja mpaka chini haihangaiki kutafuta, inapiga kwa umbali huohuo. Mlio wake ni mdogo kuliko msonyo. Na kwa mji kama Dar es Salaam udogo wake ni nafuu ya kila siku. Ukitoka na kamera kubwa, kabla hujamaliza mtaa mmoja wa Kariakoo umeshaulizwa na watu watatu kama wewe ni mwandishi wa habari na kama una kibali. Ukiitundika begani, kuna pikipiki itapita nayo. Hii ya mfukoni inakuvusha kote huko.

Upande wa pili, betri inakadiriwa kupiga picha 200 hivi kwa chaji moja, kwa hiyo natembea na betri tatu kama mfanyabiashara ndogondogo. Haina tundu la kuchungulia, na skrini yake, saa saba mchana, inageuka kioo unachojitazamia jasho lako mwenyewe. Haina flashi ndani, ilhali matoleo ya 2013 na 2015 yalikuwa nayo. Mwili haujazibwa dhidi ya vumbi wala maji, na huu ni mji wa vumbi nusu ya mwaka na madimbwi nusu nyingine. Gizani inatafutatafuta. Halafu haivuti. Mtu akiwa ng'ambo ya barabara, anabaki ng'ambo ya barabara.

Hivi ndivyo tunavyozigawa sifa na kasoro zake, mimi pamoja na karibu kila mtu aliyewahi kuizungumzia: udogo unawekwa kwenye faida, kutovuta kunawekwa kwenye hasara. Nadai tumezipanga kinyume. Na sisi vijana wa huku, tuliozimeza orodha hizo bila kutafuna, tumejifunza kuita ujasiri kitu ambacho bibi zetu wangekiita utovu wa adabu, na wangekuwa sahihi.

Mwezi wa sita nilikwenda soko la samaki la Feri asubuhi na mapema. Tasnifu yangu inahusu wanawake wanaoishi kwa soko lile, wakaangaji, waparuaji, wauza maji, na nusu yake ni picha. Kwenye majiko moshi ulikuwa umetanda na jua linaingia kwa ubavu. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameinama juu ya karai, khanga imefungwa kifuani, kilemba kimelegea, jasho linamtiririka shingoni. Kamera ilikuwa kiganjani, usawa wa kiuno, umbali umeshawekwa. Nikapita mbele yake nikiangalia pembeni kama mtu anayemtafuta mwenzake, nikabonyeza mara tatu.

Sikumsalimia, na hili ndilo linaloniuma. Nimelelewa Ujiji, na mtoto wa Ujiji akipita mbele ya mtu mzima bila shikamoo, habari hufika nyumbani kabla yake. Mpaka leo siwezi kuuliza bei ya fungu la dagaa bila kuanza na za asubuhi. Lakini uso wa mtu nikajichukulia tu.

"Mwanangu," akaniita bila kupandisha sauti. "Hicho unachoficha ni nini?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni nini?"

Nikamwonyesha. Akajifuta mikono kwa khanga, akaitazama skrini, kisha akanitazama mimi. Nilitegemea aniulize nitamlipa shilingi ngapi, na jibu nilikuwa nalo tayari. Akasema, "Ungeniambia, ningejifunga vizuri." Halafu akasema, "Ifute."

Nikafuta moja mbele ya macho yake. Akaridhika, akarudi kwenye samaki wake. Zilikuwa tatu.

Moja kati ya zile mbili zilizobaki ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Moshi, mwanga, mkono ulioinuliwa na kijiko cha kukaangia, uso usiojua kama unatazamwa. Nilipoionyesha kwenye semina, neno lililorudiwa na kila aliyechangia lilikuwa moja: uhalisia. Hakuna aliyeuliza kama mama yule anajua kuwa yumo ukutani, kwenye chumba chenye kiyoyozi, akijadiliwa. Mimi pia sikusema.

Nina ugomvi na neno uhalisia. Nani aliamua kwamba kilemba kilicholegea kina ukweli zaidi kuliko kilichofungwa? Mama yule alikuwa na rai yake kuhusu namna anavyotaka kuonekana, na aliitamka kwa maneno matatu. Sisi tukaiona rai hiyo kama uchafu wa kuondolewa ili picha iwe safi. Wakati huohuo picha zetu wenyewe za wasifu tumezichagua kati ya arobaini, tena baada ya kuzipausha na kuzilainisha. Kumbe uhalisia ni wa wakaanga samaki tu.

Wala si kwamba watu wetu hawakuwahi kuwa na utamaduni wa picha kabla ya sisi kuja na Moriyama wetu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Zanzibar mwaka 1930. Kule Bamako, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, na wateja wake waliazimwa suti, saa na redio za kushikia wakati wa kupigwa. Leo picha zake zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia, na sijasikia mtu akilalamika kuwa ni za uongo kwa sababu aliyepigwa alijiandaa. Nyumbani kwetu ipo picha ya babu, koti la mjomba, kitambaa mfukoni, mkono juu ya kiti. Alitaka tumkumbuke hivyo, na ndivyo tunavyomkumbuka.

Lugha yetu ilishanionya, ila sikusikia. Tunasema kupiga picha, na mtaani mtu anayekwapua fedha za wengine anaitwa mpigaji. Nilikuwa naringia neno la kwanza kumbe nimelifikia la pili.

Sasa turudi kwenye ile inayoitwa hasara, lenzi isiyovuta. Shika kamera hii wima, taka mtu mzima ajae kwenye picha kuanzia kichwani mpaka miguuni: itakubidi usimame kama mita moja na nusu kutoka kwake. Pima umbali huo kwa miguu yako mwenyewe. Ni pale unaposimama ukimwamkia mtu, ukimuuliza za nyumbani, akikuuliza umetoka wapi. Lenzi ya milimita 28 inaona vizuri kwa umbali wa salamu. Mwenye lenzi ndefu anaweza kukaa ng'ambo ya barabara akawinda; wewe huwezi, lazima uende. Hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote kwenye kamera hii, na ndicho tunachokiomba radhi.

Lakini udogo unakuja na kukiharibu. Lenzi inakulazimisha ukaribie, udogo unakuruhusu ukaribie bila kuwepo. Unafika mpaka mahali pa salamu na hutoi salamu. Ndiyo maana mbinu ya kupigia kiunoni, na ile ya kujifanya unasoma ujumbe, zimekuwa somo la kwanza kwa kila anayeanza. Nimewahi kumfundisha mdogo wangu mbinu hizo. Sijawahi kumfundisha namna ya kumwendea mtu na kumwomba picha, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naogopa. Tuseme wazi: wengi wetu hatupigi kwa siri kwa ajili ya sanaa. Tunaogopa kukataliwa.

Mtu atasema mila hii ya siri ni kongwe na ina majina makubwa. Ni kweli. Walker Evans alipanda treni za chini ya ardhi za New York kati ya 1938 na 1941, kamera ameificha ndani ya koti, lenzi ikichungulia katikati ya vifungo. Alikaa na picha hizo hadi mwaka 1966 ndipo kitabu kikatoka. Namheshimu Evans kwa ile miaka 25 ya kusita kuliko kwa zile picha. Sisi tunasubiri mpaka tupate intaneti.

Na ipo hadithi nyingine ya ukoo huu, inayonigusa kwa karibu zaidi. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa anayeitwa baba wa kazi hii, alisimulia kwamba kilichomsukuma kuingia mtaani na kamera ni picha moja ya Martin Munkácsi, Mhungari: wavulana watatu weusi, wamepigwa kwa nyuma, wakikimbilia mawimbi. Picha hiyo inajulikana kwa jina la Wavulana Watatu Ziwa Tanganyika. Mwalimu alipoionyesha darasani mwaka wangu wa kwanza, nusura nisimame. Ziwa Tanganyika ni kwetu! Nimejifunza kuogelea pale. Kwa miezi kadhaa niliwaambia watu kwamba upigaji picha wa mitaani, na Leica ya Cartier-Bresson, na kamera hii iliyo mfukoni mwangu, vyote vimezaliwa kwa migongo ya watoto wa kwetu.

Baadaye nikasoma kwamba picha yenyewe ilipigwa ufukweni Liberia.

Yaani bara zima kutoka pwani moja mpaka katikati yake limechanganywa, na jina limeendelea kutumika. Jina la mpigaji tunalijua, jina la aliyeitazama akiwa Ulaya tunalijua, hadithi ya jinsi alivyoguswa imeandikwa vitabuni. Wavulana wenyewe hawana majina, na mahali walipokimbilia majini pamekosewa. Hili halikutokea kwa sababu Munkácsi alikuwa mtu mbaya; sina habari ya roho yake. Lilitokea kwa sababu hakuna aliyeona kuna haja ya kuuliza. Picha ilikuwa imeshapatikana.

Wapo watakaonijibu kwamba ukimwomba mtu ruhusa hukakamaa, anaweka mikono ubavuni kama yuko kwenye paredi, na uhai unaondoka. Hii ndiyo hoja yao bora na sitaikwepa. Ni kweli hukakamaa. Hukakamaa kwa dakika mbili, tatu, pengine kumi. Mafuta yakichemka anakusahau, kwa sababu ana samaki wa kugeuza na wewe huna umuhimu huo unaodhani. Betri ya picha 200 haitoshi kuwaiba watu wa soko zima, lakini inatosha sana kukaa na mtu mmoja asubuhi nzima. Kinachokosekana ni subira, na hiyo haiuzwi pamoja na kamera. Na kama baada ya hayo yote bado amekakamaa, basi una picha ya mtu aliyekakamaa mbele ya mgeni, ambayo nayo ni kweli.

Hoja yao ya pili naikubali kabisa. Kuna wakati kamera isiyoonekana ni ngao. Mgambo anapomwaga karai la mama lishe, simwombi ruhusa ya kumpiga picha, na natamani wakati huo kamera yangu iwe ndogo kuliko ilivyo. Mkubwa anapomkanyaga mdogo, siri ni ya mdogo. Lakini hebu fungua kurasa zetu uhesabu. Ni picha ngapi za siri tulizowapiga wenye nguvu, na ngapi tulizowapiga makuli wa mkokoteni, wazee waliosinzia kwenye daladala, watoto wa mitaani, wauza kahawa? Tunapiga kwa siri pale tunapojua hatutafanywa kitu. Mwaka 2020 Fujifilm ilitoa video ya kuitangaza X100V ikimwonyesha Tatsuo Suzuki akiwachomekea watu kamera usoni mitaani Tokyo. Malalamiko yakawa makali na video ikaondolewa. Wengi tulimcheka. Walau watu wa Suzuki walimwona na waliweza kumkasirikia.

Sheria nitaipitia haraka, kwa sababu sitaki adabu yangu itegemee askari. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya wana yao ya 2019, na mwaka 2023 kamishna wao wa data aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mteja wa baa ana pa kushtaki. Mama wa Feri alikuwa na neno moja tu, "ifute," akaniamini nilipojifanya nimelitii.

Nilimwambia msimamizi wangu kwamba naiondoa ile picha kwenye tasnifu. Alinyamaza kidogo, akasema sura ya tatu itadhoofika. Ni kweli, imedhoofika. Mwenzangu mmoja aliniambia nimeingiwa na ulokole.

Asubuhi ya Jumamosi iliyopita nilifuta nakala za kwenye laptop, nikaenda Feri. Mara mbili kabla ya hapo sikumkuta. Safari hii alikuwepo, jiko lilelile. Nikamwamkia, nikasubiri apunguze wateja, nikanunua samaki wa shilingi elfu tatu, kisha nikamwambia: siku ile zilikuwa tatu, mama, nilifuta moja. Alinikumbuka. Hakusema kitu, alinyoosha mkono tu. Nikamwonyesha kitufe cha kufutia, akazifuta zote mbili mwenyewe kwa kidole chenye mafuta.

Kisha akafungua kilemba, akakifunga upya, akapanga samaki kwenye sinia wakae vizuri, akasimama wima. Nikapiga. Mwanga ulikuwa umeshapanda, moshi hakuna, na amekodoa macho kama yuko kwa mpiga picha wa pasipoti. Akaitazama akasema nimemzeesha, lakini niiache.

Kamera ilibaki mkononi mwake. Akawa anabonyeza kurudi nyuma, picha baada ya picha: makuli, watoto wa ngalawani, msichana aliyelala kwenye daladala kichwa kimegemea dirisha, mzee wa kahawa. Hapo akasimama.

"Na huyu anajua?"

Nikamwambia hapana.

Akanirudishia kamera. "Kula samaki wako," akasema, "wanapoa."